Nimeahidiwa asilimia 5 ya "faida halisi" ya filamu. Hii faida huwa inapatikana kweli?

Binti_Lushoto

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu, maana siku ya kusaini ni Ijumaa.

Mimi ni mwandishi wa skripti, naishi Dar. Mwaka jana nilimaliza skripti ya filamu ndefu, nikapata prodyuza anayeitaka. Mwanzoni tulielewana milioni 6 taslimu. Wiki iliyopita kaja na mkataba mwingine: milioni 2 siku ya kusaini, halafu asilimia 5 ya "faida halisi" ya filamu popote itakapoonyeshwa. Ameniambia Marekani waandishi ndivyo wanavyolipwa, ndiyo maana wanatajirika. Mkataba wenyewe ni wa Kiingereza, kurasa 31, na unaonekana umenakiliwa kutoka huko huko. Ukurasa wa 9 hata jina la California hawajalifuta.

Kinachonitia hofu ni hiki. Enzi za DVD niliwahi kutoa skripti kwa ahadi kama hiyo. Filamu niliiona kwa macho yangu ikiuzwa Kariakoo, Tandika, mpaka stendi ya Tanga. Nikipiga simu naambiwa mzigo haujarudisha hela. Miaka mitatu nzima, mzigo haujarudisha hela. Nililipwa laki tatu mkononi, basi, sikuona senti nyingine.

Sasa nauliza: huko Marekani kwenye mahesabu ya kompyuta na wakaguzi wa kila aina, hizi asilimia za faida zinalipwa? Na nikikubali, niangalie wapi kwenye huu mkataba?

Mhasibu_Pangani

Dada, hongera kwa kazi. Ijumaa usisaini. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo lililonilisha miaka saba.

Nilifanya kazi Los Angeles kwenye ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu. Waandishi, waongozaji na waigizaji wenye mikataba kama huo wako walikuwa wakituajiri tuingie studio, yaani kampuni kubwa za filamu, kukagua vitabu kwa niaba yao. Kwa hiyo swali lako nalijua kwa kulishika mkononi.

Taarifa ya mgao, yaani hesabu anayoletewa mwenye asilimia, ukiiona ni karatasi ya kawaida tu, kurasa mbili tatu. Juu kabisa yapo mapato, tarakimu ndefu inayompa mtu matumaini. Chini yake ada ya usambazaji. Chini yake matangazo. Chini yake gharama ya kutengeneza, halafu riba. Mstari wa mwisho tarakimu imewekwa ndani ya mabano, na kwa sisi wahasibu mabano maana yake hasara. Kuna mama mmoja, mwandishi wa umri wa mama yangu, aliketi mbele ya meza yangu akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akakiteremsha polepole mpaka kwenye mabano, kisha akakirudisha juu. Akaniuliza, "Zimekwenda wapi?" Nikamwambia ukweli: nyingi hazijatoka nje ya jengo la studio.

Nikupigie hesabu kwa shilingi ili uone kwa macho yako. Chukua filamu iliyotengenezwa kwa milioni 60, ikatangazwa kwa milioni 30, na steringi wake akaahidiwa asilimia 15 ya mapato ghafi, yaani mapato kabla ya kukatwa gharama. Filamu ikaingiza milioni 200. Steringi anachukua milioni 30 zake. Hela iliyotoka mfukoni kweli ni 60, 30 na 30, yaani milioni 120. Mtu wa sokoni atakwambia zimebaki milioni 80, lete asilimia 5 yangu, milioni 4.

Sasa ipitishe kwenye mkataba wa mtindo wa studio. Ada ya usambazaji asilimia 30 ya mapato yote: milioni 60 zimekwenda, zimebaki 140. Matangazo milioni 30, juu yake asilimia 10 ya "gharama za ofisi": 33 zimekwenda, zimebaki 107. Gharama ya kutengeneza milioni 60, ongeza milioni 30 za steringi kwa sababu nazo zinahesabiwa humo, jumla 90, na juu ya hiyo 90 asilimia 15 nyingine ya uendeshaji wa studio. Hiyo ni milioni 103 na nusu. Umebakiwa na milioni 3 na nusu. Halafu riba ya fedha ambazo studio "imejikopesha" kwa miaka miwili, tuseme milioni 12. Hasara: milioni 8 na nusu. Asilimia 5 yako ni sifuri.

Angalia vizuri ni kitu gani kimekula. Ada 60, nyongeza ya matangazo 3, nyongeza ya uendeshaji 13 na nusu, riba 12. Milioni 88 na nusu ambazo kampuni imejilipa yenyewe kabla ya kufika kwako. Na ona pale kwa steringi: kadiri filamu inavyofanya vizuri ndivyo fungu lake linavyokua, na fungu lake likikua gharama ya kutengeneza inakua, na ile asilimia 15 inakua juu yake. Kwa hiyo filamu inaweza kuingiza hela zaidi huku hesabu yako ikizidi kurudi nyuma. Mara ya kwanza kuliona hili nilifikiri nimekosea kujumlisha, nikarudia mara tatu.

Viwango nilivyotumia sikuvibuni. Ada za asilimia 30 kwa soko la nyumbani na mpaka 40 kwa nchi za nje, 15 kwa uendeshaji, 10 juu ya matangazo, ndivyo vilivyozoeleka kwa miaka mingi kwenye mikataba ya studio kubwa. Na zamani za kanda za video na DVD kulikuwa na jambo baya zaidi: katika mauzo ya video, studio iliingiza asilimia 20 tu kwenye hesabu ya "mapato ghafi". Ile 80 haikuwahi kuonekana kwenye karatasi ya mwandishi, ingawa kampuni ya kuuza video mara nyingi ilikuwa tanzu ya studio hiyo hiyo.

Mifano ya wazi ipo. Mwaka 2010 taarifa ya mgao ya filamu ya tano ya Harry Potter, ile ya 2007, ilivuja ikasomwa na dunia nzima. Filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 900 kwenye majumba ya sinema iliandikwa hasara ya dola milioni 167. Ada ya usambazaji peke yake ilizidi milioni 200, na riba ilizidi milioni 57. Winston Groom, aliyeandika riwaya ya Forrest Gump, alilipwa dola 350,000 na kuahidiwa asilimia 3 ya faida halisi. Filamu ya 1994 ikavuka dola milioni 600 duniani, yeye akaletewa karatasi ya hasara ya milioni 62. Tom Hanks na mwongozaji Robert Zemeckis walilipwa vizuri sana kwenye filamu hiyo hiyo, kwa kuwa wao asilimia zao zilitoka kwenye mapato ghafi.

Sasa sikia jambo ninalotaka ulishike. Watu wengi wanafikiri studio inaficha hela chini ya godoro. Katika miaka yangu saba, makosa ya vitabu tuliyakuta, ndiyo. Niliwahi kukuta vocha ya kukodi mafeni makubwa ya upepo na mashine ya mvua kwenye filamu ambayo yote imepigwa ndani ya nyumba. Ilikuwa gharama ya filamu nyingine imesukumiwa kwetu, na tulipoidai ikarudishwa bila ubishi. Lakini vitu kama hivyo vilikuwa vidogo. Fungu kubwa la hasara lilikuwa halali kabisa kwa mujibu wa mkataba, limeandikwa kwenye kiambatisho cha maana ya maneno, na mwandishi alilisaini siku ya furaha yake bila kulisoma. Neno "faida" kule ndani halina uhusiano na faida unayoijua wewe ukiuza vitunguu. Linamaanisha kile tu kilichoandikwa kwenye kiambatisho.

Kwa hiyo nenda mwisho wa mkataba wako ukatafute ukurasa unaoeleza maana ya "faida halisi". Uandike hapa unasemaje.

Prodyuza_Kinondoni

Mkuu Mhasibu umeeleza vizuri, lakini naomba na sisi wa upande wa pili tusikilizwe. Mimi nimetoa filamu sita. Mbili zimerudisha hela, moja imejilipa kwa shida, tatu zimekufa. Filamu ikifa mwandishi kashachukua chake, steringi kashachukua chake, mwenye kamera kashachukua chake, mimi ndiye ninayezunguka na deni. Ile ada ya asilimia 30 usiiite hela ya bure. Ndani yake kuna kodi ya ofisi, kijana wa mitandao, mafuta ya kwenda mikoani, na kesi za watu wanaoiba filamu na kuirusha bure mtandaoni. Filamu iliyofanikiwa lazima ibebe zilizokufa, la sivyo kesho hakuna wa kumpa dada yetu hata hizo milioni 2.

Na si kila prodyuza ananakili mkataba wa Marekani kwa nia mbaya. Wengine tunanakili kwa sababu mwanasheria ni gharama.

Wakili_Pwani

Asalaam aleikum. Niko Mombasa, naomba niongeze kidogo kwa upande wa sheria, hasa kwa hoja ya ndugu Prodyuza, kwa sababu hoja hiyo imewahi kufikishwa mahakamani.

Wengi wetu tuliiona Coming to America, ile filamu ya 1988 ambamo Eddie Murphy ni mwana wa mfalme wa Zamunda anayekwenda New York kutafuta mke. Mimi niliiona kwenye kibanda cha video Majengo, kanda imechakaa, na watu walijua maneno yake kwa moyo. Mwandishi wa safu za magazeti Art Buchwald alikuwa ameiuzia Paramount wazo la mfalme wa Kiafrika anayefika Marekani, mwaka 1983, pamoja na prodyuza wake Alain Bernheim. Wazo likaachwa, kisha filamu ikatoka bila jina lake. Iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani. Wakashtaki.

Januari 1990 Jaji Harvey Schneider wa Los Angeles aliamua kwamba filamu ilitokana na kazi ya Buchwald. Studio ikajibu kwamba hata kama ni hivyo, faida halisi hakuna, kwa hiyo cha kumlipa hakuna. Hapo ndipo hoja ya ndugu yetu ilipoletwa: filamu moja hubeba zilizokufa, masharti magumu ni bei ya hatari hiyo. Jaji alipotaka hesabu za biashara nzima zichunguzwe ili hatari hiyo ipimwe, studio ikaiondoa hoja yenyewe. Desemba 1990 jaji akasema baadhi ya vipengele vya mkataba vinakiuka haki kiasi ambacho mahakama haiwezi kuvisimamia, na akavitaja: asilimia 15 ya uendeshaji na 10 ya matangazo zisizolingana na gharama yoyote ya kweli, riba inayotozwa juu ya uendeshaji, riba juu ya malipo ya wenye mgao. Yaani mistari ile ile ya Mhasibu. Alisema pia kwamba ni mkataba wa kuchukua au kuacha, mwandishi hakuwa na nafasi ya kujadiliana. Eddie Murphy mwenyewe, ambaye alikuwa na fungu lake kwenye mapato ghafi, pointi za faida halisi, yaani asilimia kama hiyo yako, aliziita pointi za nyani, kwa maana hazina thamani.

Lakini dada yangu, usije ukafikiri mahakama ndiyo njia. Mwaka 1992 Buchwald alipewa dola 150,000 na Bernheim 750,000. Gharama ya mawakili wao ilizidi jumla hiyo, na pande zikamalizana kabla ya rufaa kuamuliwa. Studio hazikubadilisha mikataba ya watu wengine kwa ajili yake.

Ndugu Prodyuza, shida yako ni ya kweli na siibezi. Ila kama gharama ya ofisi ni milioni 20, andika milioni 20. Asilimia ya mapato haijui ofisi yako inatumia nini.

Binti_Lushoto

Asanteni sana, sikulala jana. Nimeukuta ukurasa wenyewe, ni wa 24. Nimeusoma na mdogo wangu anayesoma sheria, tukautafsiri kwenye daftari. Ada ya usambazaji asilimia 35. Uendeshaji asilimia 15. Matangazo yana nyongeza ya 10. Riba ipo, kiwango "kitakachoamuliwa na kampuni". Halafu kuna kipengele kinachosema hasara ya filamu nyingine yoyote ya kampuni inaweza kukatwa kwenye mapato ya filamu yangu. Na kipengele cha mwisho: taarifa nikiletewa nisipoipinga ndani ya miezi 12, inahesabiwa nimekubali yote.

Kilichoniumiza ni hiyo ya filamu nyingine. Skripti hii niliandika kuhusu bibi yangu na shamba lake la chai. Nilikaa naye Soni miezi minne namsikiliza. Sasa fungu lake likalipie filamu ya mtu ambaye simjui?

Kaka Mhasibu, nifanyeje? Niikatae asilimia kabisa nidai milioni zangu 6?

Mhasibu_Pangani

Pole dada. Kipengele cha kuchanganya hasara za filamu tofauti ndicho cha kwanza kutoka. Hicho usikijadili, kifutwe. Ndicho kinachomwezesha mtu mwenye filamu iliyofanikiwa asilipwe maisha yake yote.

Asilimia kama asilimia haina ubaya. Mwaka 1950 James Stewart alitaka ujira ambao studio ya Universal haikuwa nao, wakala wake Lew Wasserman akamwombea sehemu ya faida ya filamu ya Winchester '73 badala yake, na akapata zaidi kuliko angelipwa taslimu. Lakini yeye alikuwa nyota, na wakala wake alijua kusoma. Baada ya hapo studio zikajifunza, kiambatisho kikawa kinarefuka mwaka hadi mwaka.

Kwa nafasi yako ningefanya hivi. Kwanza taslimu ipande, milioni 4 au 5, kwa sababu hiyo ndiyo hela pekee isiyo na kiambatisho. Pili, asilimia 5 ya faida halisi ibadilishwe iwe asilimia 1 na nusu au 2 ya mapato ghafi, na mapato ghafi yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: kila shilingi inayoingia kwa kampuni au kampuni tanzu yake yoyote kutokana na filamu hii, iwe ni ukumbi wa sinema, televisheni, mtandao au ndege. Usiogope kwamba 2 ni ndogo kuliko 5. Rudi kwenye hesabu yangu ya juu: asilimia 2 ya milioni 200 ni milioni 4, ile ile ambayo asilimia 5 ya faida ya kweli ingekupa, na hakuna mtu anayeweza kuila kwa ada.

Kama prodyuza anaogopa kukulipa kabla hajarudisha mtaji wake, hofu hiyo ni ya haki. Basi iandikwe tarakimu. Mapato yakifika milioni 90, kwa mfano, asilimia yako inaanza. Tarakimu moja, isiyobadilika, isiyoongezewa riba. Au njia nyepesi zaidi: mapato yakigusa milioni 100 unalipwa milioni 1, yakigusa 150 nyingine, na kuendelea. Hiyo haihitaji mkaguzi, inahitaji tu kuona mikataba ya mauzo.

Ndiyo maana lazima mkataba ukupe haki ya kuona nakala ya kila mkataba wa mauzo. Siku hizi jukwaa la mtandaoni likinunua filamu linalipa mara moja kwa bei ya jumla, mara nyingi pamoja na filamu nyingine tatu nne za kampuni hiyo. Hapo prodyuza anaweza kukwambia katika milioni 80 za fungu zima, filamu yako ilithaminiwa milioni 5. Andikeni mapema fungu litagawanywa vipi. Mimi huwa napendekeza kugawa sawa kwa idadi ya filamu, si kwa sababu ni haki kamili, ila kwa sababu hakuna anayeweza kuichezea.

Na ile miezi 12, iwe 36. Mama yule niliyemtaja alikuja kwetu akiwa amechelewa wiki tano. Makosa tuliyaona, hatukuweza kudai.

Prodyuza_Kinondoni

Hiyo ya kizingiti cha tarakimu moja mimi mwenyewe ningeisaini. Kusema kweli nimekwenda kuangalia mkataba ninaoutumia na kipengele cha kuchanganya filamu kimo. Sikuwahi kujua kimo. Kuna waandishi wawili nimewasainisha nacho, nitawapigia.

Binti_Lushoto

Mrejesho wakuu. Jana nimekaa na prodyuza wangu Sinza saa tatu nzima, na daftari langu mezani. Ukurasa wa 24 hakuwahi kuusoma. Kipengele cha filamu nyingine kafuta kwa kalamu yake mbele yangu, tukaweka sahihi pembeni. Riba kafuta. Taslimu kafika milioni 3 na nusu, juu ya hapo anasema hana, na nimemwamini kwa sababu kanionyesha bajeti. Asilimia 2 ya ghafi kakubali baada ya kizingiti, ila yeye anataka milioni 110, mimi nimesema 90.

Kusaini kumesogezwa mpaka Jumanne. Bwana wakili, swali moja: mkataba wa Kiswahili na wa Kiingereza vikitofautiana, tuandike upi ndio unaosimama? Mdogo wangu anasema lazima tuseme wazi, na mimi nataka uwe wa Kiswahili.

Wakili_Pwani

Andikeni wa Kiswahili ndio unaosimama, tena iwe kwenye kipengele cha kwanza. Na pale ukurasa wa 9 palipotajwa California, wekeni sheria za Tanzania na mahakama za Dar es Salaam, kabla ya kalamu nyingine yoyote kugusa karatasi.